Ziwa Liko Mlimani, Biashara Yake Iko Kangemi

Aghalabu makala za biashara zinapotaja utalii wa milimani, msomaji huonyeshwa mgeni wa Ulaya aliyeshuka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na fedha zake za kigeni, kana kwamba tijara yote inamngojea yeye. Lakini anayetaka kujua jinsi safari ya Ziwa Michaelson, lililo juu ya Mlima Kenya, inavyouzwa na kununuliwa siku hizi, hana haja ya kufika uwanja wa ndege, bali na apande matatu mjini, ashike barabara ya Waiyaki, ateremke Kangemi, na aingie sokoni mpaka penye vibanda vya mitumba.

Tangu mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga kumbi za starehe na watu wakatamani hewa isiyo na kuta, vikundi vya kupanda milima vimezidi kuchipuka Nairobi. Wateja wake ni karani, mwalimu, muuguzi, fundi wa simu, watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi na likizo fupi, ambao hujiandikisha kwa ujumbe wa simu, hulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na hukutana Jumamosi alfajiri penye matatu iliyokodiwa. Huanza na vilima vya Ngong, wakaenda Longonot, wakajaribu Elephant Hill katika safu ya Aberdare, na wale ambao miguu yao haijakoma kudai zaidi huelekezwa Mlima Kenya. Si wote watakao kufika kilele cha Lenana, chenye mita 4,985. Wengi siku hizi hutaka ziwa, kwa sababu ziwa hupatikana kwa gharama na mashaka machache zaidi, na kwa picha, niseme ukweli, linakishinda kilele.

Mteja huyu hanunui buti jipya, kwa kuwa bei yake dukani ingemla nusu ya safari. Hununua la mtumba, na hapa ndipo penye elimu ya biashara ambayo sijaiona imeandikwa popote. Buti la mlima lina hila yake: ngozi huwa nzima, kamba nzima, soli ina meno yote, kumbe lile tabaka la sponji lililo kati ya soli na ngozi limeoza kwa umri tu, hata kama buti halikupata kuvaliwa, na aliyelivaa hujua siku ya pili njiani, soli inapobanduka yote na kubaki matopeni nyuma yake. Muuzaji mwaminifu hulikunja buti mpaka ncha ielekee kisigino, akabonyeza sponji kwa ukucha wa kidole gumba, na ikitoka chenga hulitupa upande. Linalopona hupelekwa kwa fundi viatu, ambaye hulitia gundi, akalikandamiza likauke, kisha akazungusha uzi wa nailoni kwa shazia soli nzima, mshono kwa mshono. Ujira wa fundi ni mdogo mno ukilinganishwa na thamani ya kazi yake, kwani bila uzi ule safari nzima ingeharibika, na fedha iliyolipwa isingerudi. Kando ya buti huuzwa makoti ya mvua, fulana za sufu na glavu, na asiyetaka kununua hukodi kwa watu wenye akiba ya mahema, mifuko ya kulalia na fimbo za kutembelea. Ijara hii ya vifaa ndiyo naiona kuwa sehemu yenye faida ya hakika katika mnyororo wote, maana hema moja hulipa bei yake na likaendelea kuchuma misimu mingi.

Njia ya ziwa ni ile ya Chogoria, upande wa mashariki wa mlima. Matatu hupita Thika na Embu. Kutoka mji wa Chogoria hadi lango la hifadhi kuna yapata kilomita 30 za njia mbovu katikati ya msitu na mianzi, hivyo abiria hushuka na kukodi magari yenye nguvu ya magurudumu yote, ambayo wenyeji huyatoza kwa kadiri ya matope. Langoni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hupokea kiingilio chake, nacho hulipwa kwa mtandao wala si kwa fedha taslimu. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu kupita Ziwa Ellis, mpaka Bonde la Gorges, ambako Ziwa Michaelson limetulia kwenye kimo cha karibu mita 4,000, chini ya genge liitwalo The Temple, lenye urefu wa mita zipatazo 300. Mto Nithi hupita humo ukienda kujiunga na maji ya Tana.

Katika hesabu ya mwandalizi wa safari, usafiri, kiingilio na gari la Chogoria ni gharama ambazo haziepukiki: mwenye matatu hapunguzi, lango halipunguzi. Na kwa kuwa vikundi ni vingi na wateja huchagua kwa bei iliyoandikwa juu ya tangazo, kila mwandalizi hushindana na mwenzake kushusha, na anaposhusha, hukata mahali pawili tu. Kwanza hukata siku, akamfikisha mteja kwa siku mbili mahali panapotaka tatu, ilhali ukipita mita 3,000 mwili hudai wasaa wa kuzoea hewa nyembamba, na anayeunyimwa hupatwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Pili hukata ujira wa mpagazi. Huyu ni kijana wa Chogoria mwenye shamba dogo la chai au kahawa, anayebeba hema, jiko na viazi vya watu wengine, na ambaye msimu wa masika, mvua zinapoifunga njia, hana kazi ya mlima kabisa. Yeye hulipwa mwisho, baada ya wote kupata chao, na lisilotosha hupunguzwa kwake.

Kumsahau mbeba mzigo si jambo geni. Mwingereza Halford Mackinder alipofika Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu, tarehe 13 Septemba 1899, msafara wake ulikuwa umeondoka Nairobi na Waswahili 66 na Wakikuyu 96. Majina yaliyobaki kwenye ramani ya mlima si yao. Kule Kilimanjaro angalau mzigo hupimwa kwa mizani langoni, na kanuni ya hifadhi haimruhusu mpagazi kuzidisha kilo 20. Mizani haiongezi mshahara, lakini humnyima mwandalizi mwanya wa kubebesha watu wawili kazi ya watatu, na ningependa kuona vikundi vya Nairobi vikiikubali kwa hiari bila kungojea kulazimishwa.

Wapo wanaosema kuwa biashara hii ina ajali karibu, kwa kuwa barafu ya Mlima Kenya inakwisha. Kweli inakwisha: barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko nyingine, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na wataalamu wa hali ya hewa wanatazamia mlima huu kubaki mtupu kabla ya Kilimanjaro na Ruwenzori. Lakini anayeuza ziwa ana rasilmali iliyo imara kuliko anayeuza barafu. Bonde la Gorges lilichongwa na barafu ya zama za kale, iliyokwisha kuyeyuka kitambo, na shimo lililobaki hujazwa na mvua na vijito vya mlimani. Maadamu msitu wa chini na nyika ya juu havijachomwa moto, ziwa litakuwapo Lewis itakapokuwa hadithi tu. Kwa mfanyabiashara wa Kangemi hatari iliyo karibu ni hivyo vita vya bei, ambavyo vikiendelea vitawafukuza wapagazi wazoefu wakatafute kazi nyingine, na kuwaachia wateja vijana wasioijua njia.

Basi wewe unayekusudia kujiandikisha safari ya mwezi ujao, kabla hujatuma shilingi yako, muulize mwandalizi maswali mawili: wapagazi watalipwa kiasi gani kwa siku, na watalipwa lini. Asiyeweza kuyajibu papo hapo, tafuta mwingine, hawakosi.