Mizani Haipimi Mafuta

Siku moja kabla ya pambano la ngumi, mabondia wa Dar es Salaam huitwa mbele ya waandishi wa habari kupimwa uzito. Bondia anavua hadi kubaki na nguo ya ndani, anapanda mizani, anatunisha misuli kwa ajili ya kamera, na msimamizi anataja kilo zake. Akizidi kwa gramu mia mbili tatu anapewa muda: anakwenda kuruka kamba juani akiwa amevaa koti zito, anatema mate, anarudi, anapita. Dakika chache baadaye ana chupa ya maji mkononi, jioni anakunywa supu na kula wali, na kesho yake usiku anapanda ulingoni akiwa na kilo kadhaa zaidi ya zile zilizotangazwa. Hakuna shabiki anayesema jamaa kanenepa usiku kucha. Wote wanajua alikausha maji ili apite kwenye uzani wake, kisha akayarudisha. Ajabu ni kwamba shabiki huyohuyo akiamua kupunguza mwili wake mwenyewe, halafu Jumatatu asubuhi akakuta kilo moja na nusu imeongezeka tangu Jumamosi, anaamini moja kwa moja kuwa ni mafuta, na kwamba wiki nzima ya kujinyima imekwenda bure.

Ninachodai ni rahisi kukisema, ila kigumu kukikubali ukiwa umesimama juu ya mizani: namba ya siku moja haina habari yoyote kuhusu mafuta ya mwili wako. Tuanze na hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Ili mtu aongeze kilo hiyo kati ya jana na leo, lazima awe amekula kalori 7,700 juu ya zile ambazo mwili wake ungezitumia kwa siku. Unga wa sembe una kalori zipatazo 360 kwa kila gramu 100. Kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya kilo mbili za unga mkavu, zisongwe ugali, uliwe wote hadi ukoko, tena baada ya chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni kama kawaida. Pilau ya harusini, hata ukirudia sahani na kushushia soda mbili, haisogelei huko. Aliyekula pilau Jumapili amezidisha, sikatai, na mafuta kidogo yameongezeka. Lakini ile kilo na nusu ya Jumatatu sehemu yake kubwa si mafuta.

Ukigeuza hesabu hiyo upande wa pili utaona kwa nini watu wengi hukata tamaa mapema. Mtu anayepunguza kalori 500 kila siku, ambalo si jambo dogo kwa anayelala na njaa yake, anayeyusha takriban gramu 65 za mafuta kwa siku. Mizani ya sindano ina alama za kilo na nusu kilo. Ile ya dijitali ya nyumbani kwa kawaida huonyesha kwa hatua ya gramu 100. Maana yake ni kwamba kazi yote ya siku nzima ni ndogo kuliko hatua ndogo kabisa ambayo kifaa chenyewe kinaweza kuionyesha, wakati maji na chakula vinaweza kupandisha au kushusha namba hiyo kwa kilo moja au mbili kati ya Jumatatu na Alhamisi. Zinahitajika wiki mbili za gramu 65 ili kufikia gramu 910, ambazo bado zinaweza kufichwa na chakula cha jioni kimoja chenye chumvi nyingi. Anayetaka kuona kazi yake kila asubuhi anadai kitu ambacho hakiwezekani kimaumbile.

Basi ni nini kinachopanda na kushuka? Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na maji hayo hayatulii. Mwili huhifadhi sehemu ya wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, takriban gramu 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hukaa na gramu zipatazo tatu za maji. Akiba hiyo ikijaa ni kilo mbili. Ikiisha, kilo mbili zimeondoka bila gramu hata moja ya mafuta kuguswa. Ndiyo sababu anayeacha wali, ugali na chapati hushangilia wiki ya kwanza kwa kushuka kilo mbili au tatu, kisha wiki ya tatu anadhani mwili umegoma. Haujagoma. Wiki ya kwanza ilimwonyesha maji, ya tatu ndiyo inamwonyesha kasi halisi ya mafuta. Na siku atakayokula wali tena, akiba itajazwa na maji yake, na kilo zitarudi kwa siku moja au mbili.

Chumvi nayo ina hesabu yake. Dripu ya maji ya chumvi ya hospitalini huwa na gramu 9 za chumvi kwa lita kwa sababu kiwango hicho kinakaribiana na cha majimaji ya mwili. Kwa makadirio ya juu juu, kila gramu ya chumvi iliyozidi inaweza kushikilia karibu desilita moja ya maji hadi figo ziiondoe. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku. Mtu aliyekula chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili, mishkaki, kachumbari na achari amevuka kiwango hicho kabla hajafika nyumbani. Kwa wanawake, mzunguko wa hedhi huongeza maji mwilini, na wengi hufikia kilele siku ile damu inapoanza. Mwanamke anayelinganisha wiki hiyo na wiki iliyotangulia anajionea bure, kipimo cha haki ni wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Aliyeanza mazoezi makali naye huvuta maji kwenye misuli inayouma. Kuna kinyesi ambacho hakijatoka, na kwa aliyehamia kwenye maharage na mboga nyingi mzigo huo tumboni unaweza kuwa mkubwa kuliko zamani. Sizungumzii hata wanaopimwa kando ya barabara au stendi ya mabasi wakiwa na jinzi, viatu vya ngozi, simu na funguo mfukoni, mizani ikiwa imelala kwenye zege lililoinama.

Haya yanajulikana siku nyingi. Daktari Santorio Santorio, katika kitabu chake kilichochapishwa Venice mwaka 1614, alieleza jinsi alivyokaa kwenye kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani, akapima alichokula, alichokunywa na alichotoa, akagundua kwamba sehemu kubwa ya kilichoingia hutoka bila kuonekana, kupitia ngozi na pumzi. Miaka ya 1930 L. H. Newburgh na mwenzake Margaret Johnston wa Chuo Kikuu cha Michigan walifuatilia watu wanene waliokula chini ya mahitaji yao lakini kwa siku nyingi hawakupungua. Walionyesha kwamba maji yalikuwa yanachukua nafasi ya mafuta yaliyokwisha kutumika, kisha yakatoka na uzito ukaanguka kwa kishindo. Katika jaribio la njaa la Ancel Keys huko Minnesota, mwaka 1944 na 1945, vijana 36 walikonda hadi mbavu zikahesabika huku miguu yao ikivimba maji. Mizani iliwaonyesha wamepungua kidogo kuliko walivyokuwa wamepungua kweli. Na mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown walipiga hesabu kwenye jarida la BMJ: mafuta kilo 10 yakichomwa yote, kilo 8.4 hutoka mapafuni kama hewa ya ukaa na 1.6 huwa maji. Mafuta hayatoki kwa jasho la siku moja wala kwa kuendesha.

Hapo ndipo biashara inapoingia. Tangazo la kilo 5 kwa siku 7 linadai mwili uchome kalori 38,500 za ziada kwa wiki, yaani 5,500 kila siku, zaidi ya mara mbili ya zile ambazo watu wazima wengi hutumia kwa siku kwa shughuli zote. Haiwezekani. Lakini anayetoa ushuhuda mtandaoni mara nyingi hasemi uongo, na hilo ndilo linaloudhi: mizani imeshuka kweli. Chai nyingi za kupunguza mwili zina sanamaki au kitu cha jamii hiyo, na sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, baada ya utumbo mwembamba kuwa umekwisha kunyonya sehemu kubwa ya kalori. Kinachotoka ni maji na kinyesi. Mkanda wa kubana tumbo unatoa jasho. Mteja anafurahi Ijumaa, anakunywa maji Jumamosi, anarudi kununua pakiti nyingine. Mchezo huu si wa kuchekea pia: mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya takriban mwezi mmoja wakijikausha maji ili waingie kwenye uzani wao.

Kuna atakayesema kwamba hizi ni hesabu za kuwafariji wala ovyo: kila kilo ikiongezeka tutaambiwa ni maji. Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake limo kwenye hesabu zilezile. Maji hupanda na kushuka. Hayapandi wiki sita mfululizo kwa mtu mwenye afya. Tuseme mtu anajipima kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai, akiwa na kanga au bukta ileile. Jumamosi ya wiki ya kwanza alikuwa na kilo 83.4, Jumapili ya wiki ya pili ana 84.2, na analia. Lakini wastani wake wa siku saba ulikuwa 84.0 wiki ya kwanza na 83.5 ya pili. Amepungua nusu kilo. Upande wa pili, kama wastani umesimama palepale kwa mwezi mzima, hapo asitafute maji wala homoni. Anakula kiasi kinacholingana na anachotumia, na vitafunwa vya ofisini vimeingia kwenye hesabu bila kuandikwa. Wastani haumfichi mtu. Hata kwa waliofunga Ramadhani, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha upungufu wa kilo moja na kidogo kwa wastani, ambao kwa sehemu kubwa hurudi wiki chache baada ya Idi.

Wengine hukata shauri kwamba afadhali mizani itupwe kabisa. Kwa mtu ambaye namba humfanya asile kutwa nzima au ajitapishe, nakubali bila kubishana. Huyo aiache, aonane na mtaalamu. Kwa wengi waliobaki ushahidi unaelekea kwingine. Rena Wing na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2006, waliwafuata watu 314 waliokuwa wamepungua angalau asilimia 10 ya uzito wao. Miongoni mwa waliofundishwa kujisimamia, waliojipima kila siku walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kurudisha kilo. Kinachonivutia ni kwamba mafunzo hayo yaliacha nafasi ya kuyumba: hatua kali za kurudi kwenye mpango zilisubiri hadi uzito upande kilo 2.3. Anayejipima mara moja kwa mwezi, ambaye watu humwona ametulia, ndiye aliye hatarini zaidi kudanganywa, maana ana namba moja tu, na hajui imeangukia siku ya chumvi au siku ya kufunga.

Uvumilivu huu una mipaka. Anayepungua mwezi baada ya mwezi bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi, jasho la usiku au kiu isiyokatika, akapime kifua kikuu na kisukari badala ya kupongezwa na majirani. Mjamzito anayeongezeka ghafla huku uso na mikono vikivimba na kichwa kikimuuma anaweza kuwa na dalili za kifafa cha mimba, na kliniki inapaswa kujua mara moja. Na mgonjwa ambaye moyo wake hausukumi damu vizuri hushauriwa kujipima kila asubuhi kwa sababu maji yaleyale tuliyoyapuuza hapa, kwake ndiyo ugonjwa. Akipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, miguu imejaa na hawezi kulala bila kuinua mto, hasubiri wastani wa wiki. Anakwenda hospitali siku hiyohiyo.