Mboga za Olbalbal: Zaka au Sadaka?

Tumeulizwa: vikundi vikichanga kupeleka mboga kwa maskini wa Olbalbal, ni zaka?

Olbalbal imo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kulima hakuruhusiwi, wenyeji ni wafugaji, na mboga hutoka nje, kama Karatu. Mifugo ikifa kwa ukame, hata pesa ya mboga hukosekana.

Jibu: zaka ina mafungu 8 (Tawba 9:60), na kwa wanazuoni wengi maskini wake ni Waislamu. Zaka ya fitri, kwa Mashafii, ni pishi moja ya chakula kikuu, kama mchele, mchicha hautoshi. Sadaka hupewa mhitaji wa dini yoyote.

Basi tutenganishe mifuko, na mboga tuzinunue kwa sadaka, zifike kabla hazijanyauka.

Wallahu a'lam.