Je, Wajua? Mmea wa Mezani Haukusafishii Hewa, Unakutuliza

Namawala, magharibi mwa Ifakara, ni kijiji cha mpunga. Huku kuna bonde la Kilombero, huku milima ya Udzungwa, na kijani hakikosekani. Hata hivyo, mhudumu wa zahanati, mwalimu anayesahihisha madaftari na mtendaji wa kijiji anayehudumia watu tangu asubuhi hushinda ndani, ambako mara nyingi hakuna hata jani moja. Kwao, na kwa kila anayefanya kazi chini ya paa, kuna mambo ya kujua kuhusu mimea ya ndani.

Je, wajua kwamba ua linalopamba meza nyingi za Ulaya na Marekani ni la Tanzania?

Mwaka 1892, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika Usambara kimmea cha majani yenye manyoya na maua ya zambarau. Kilipelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akakipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia ya ofisa huyo. Leo aina zake za bustani ni maelfu. Usambara ni milima ya Tao la Mashariki, safu ileile yenye Udzungwa, ile inayoonekana kutoka Kilombero.

Je, wajua kwamba mmea usiomchosha mtunzaji nao ni wa huku?

Zamioculcas zamiifolia, unaojulikana kwa herufi ZZ, hujiotea kuanzia Kenya, kupitia Tanzania bara na Zanzibar, hadi kusini mwa Afrika. Majani yake ni manene na yanang'aa, na chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji. Huvumilia kivuli na wiki kadhaa bila kumwagiliwa. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi kibiashara mwaka 1996, ukaenea katika ofisi za dunia nzima. Angalizo: utomvu wake huwasha, hivyo uwekwe mbali na watoto.

Je, wajua kwamba mmea wa maofisini ndio huohuo wa kuombea radhi Kilimanjaro?

Dracaena fragrans, wenye majani marefu kama ya mahindi, ni mapambo ya kawaida katika kumbi za benki na hoteli. Wachaga wanauita isale. Huko Kilimanjaro huoteshwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na mtu aliyemkosea mwenzake hupeleka jani lake kutaka suluhu. Mmea wa amani unafaa kabisa kuwekwa kwenye meza ya kusikilizia mashauri.

Je, wajua kwamba sifa ya kusafisha hewa imetiwa chumvi?

Mwaka 1989, mtafiti Bill Wolverton wa shirika la anga la Marekani, NASA, alionyesha kwamba mimea iliyofungiwa ndani ya visanduku visivyopitisha hewa ilipunguza kemikali kama benzini. Habari ikaenea kwamba chungu kimoja kinatosha kusafisha ofisi. Lakini ofisi si kisanduku. Mwaka 2019, Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia upya majaribio ya namna hiyo, wakakokotoa kwamba ili mimea ilingane na hewa inayoingia na kutoka yenyewe katika jengo, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 katika kila mita moja ya mraba. Ukitaka hewa safi, fungua dirisha.

Je, wajua kwamba faida iliyo dhahiri zaidi ni ya akili?

Mwaka 2014, Marlon Nieuwenhuis na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanywa katika ofisi za Uingereza na Uholanzi. Mimea ilipoingizwa katika ofisi zilizokuwa hazina mimea, wafanyakazi walisema wanaridhika zaidi na mahali pao pa kazi na wanamakinika zaidi; katika jaribio mojawapo utendaji ulipanda kwa asilimia 15. Huko Japani, Masahiro Toyoda na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hyogo waliwapa wafanyakazi 63 wa ofisini mmea mdogo, kila mmoja akichagua wake na kuutunza. Waliambiwa wakihisi uchovu wautazame kwa dakika 3. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba wasiwasi wao ulipungua.

Je, wajua kwamba kugeuza meza ielekee dirishani kunaweza kusaidia pia?

Ushahidi unatoka hospitalini: mtafiti Roger Ulrich alichambua kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania kati ya mwaka 1972 na 1981. Waliolala penye dirisha la kutazama miti walitoka mapema kidogo na walihitaji dawa chache za maumivu makali kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Kijiji chenye mashamba ya mpunga hadi upeo wa macho kina dawa hiyo bure.

Je, wajua kwamba mmea wa chunguni unaweza kumpunguza mbu?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Ifakara walikadiria kwamba mtu mmoja wa Namawala aliweza kuumwa zaidi ya mara 300 kwa mwaka na mbu wenye vimelea vya malaria. Ndiyo maana hapa kila ushauri lazima upimwe kwanza kwa mbu. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2002, yaliyofanyika Mbita, Kenya, mimea hai ya jamii ya kivumbasi iliyowekwa kwenye vyungu ilipunguza mbu wa malaria kwa karibu asilimia 40. Hilo ni jambo la kutia moyo, lakini halichukui nafasi ya chandarua.

Je, wajua kwamba hatari huwa kwenye kisahani?

Maji yanayotuama chini ya chungu ni mazalia ya Aedes, mbu wa dengi. Yamwage, na kisahani kisuguliwe kila wiki, maana mayai hung'ang'ania kingoni. Au jaza mchanga kwenye kisahani.

Kuanza hakuhitaji fedha nyingi: ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na tawi la mmea kutoka kwa jirani. Mpe kila mfanyakazi mmea wake mwenyewe wa kutunza. Mkubwa wa kazi anayefanya hivyo anawaambia walio chini yake kwamba utulivu wao nao ni sehemu ya kazi.