Nyasi za Plastiki na Mbwa wa Nyumbani: Je, Zamfaa?

Wahenga walisema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yatujia akilini kila tupitapo mbele ya nyumba ambayo bustani yake imetandikwa zulia la kijani lisilonyauka kiangazi wala kuota magugu masika. Mwenye nyumba hulitazama akaridhika, maana amekwisha pumzika kufyeka na kumwagilia maji. Lakini yuko mkaaji mwingine wa bustani hiyo ambaye hakuulizwa shauri, naye ndiye anayeikanyaga kwa nyayo tupu, hulala juu yake na kujisaidia papo hapo. Huyo ni mbwa. Leo twataka kulichunguza jambo hili kwa niaba yake: je, nyasi bandia zafaa katika bustani ambayo mbwa ana sehemu yake?

ASILI YAKE

Nyasi hizi hazikubuniwa kwa ajili ya mnyama yeyote. Mwaka 1965 mjini Houston, Marekani, ulifunguliwa uwanja wa michezo wenye paa, uitwao Astrodome. Paa hilo lilipitisha nuru ili nyasi halisi zipate kuota ndani. Bali wachezaji walilalamika kwamba mng'ao wa jua uliwazuia kuuona mpira angani. Paa likapakwa rangi, nazo nyasi, kwa kukosa nuru, zikafa. Mwaka 1966 likatandikwa zulia la plastiki lililotengenezwa na kampuni ya Monsanto, likapewa jina la AstroTurf kutokana na uwanja huo. Baadaye mazulia ya namna hii yalienea katika viwanja vingi, na hatimaye yakaingia nyumbani mwa watu. Aghalabu majani yake ni ya plastiki laini yaliyoshonwa juu ya kitambaa chenye matundu, kisha humwagiwa mchanga, au chembe za matairi chakavu, ili yasimame wima.

SABABU ZA KUZIPENDA

Yafaa tuwe waadilifu. Mtu afugaye mbwa katika bustani ndogo ana taabu za kweli. Mkojo wa mbwa una naitrojeni nyingi, nayo huziunguza nyasi halisi zikabaki na madoa ya manjano. Mtoto wa mbwa huchimba mashimo, na mvua ikinyesha matope huletwa hadi sebuleni. Mzee asiyeweza tena kusukuma mashine ya kukatia nyasi, au mpangaji mwenye kiuga kilichozingirwa na kuta ambamo nyasi hazioti kwa uhaba wa jua, hatumlaumu akilitamani zulia lisilochimbika. Kwa sababu hizo wako watu wengi, nchini Uingereza na kwingineko, waliong'oa nyasi zao na kutandika plastiki.

HATARI YA JOTO

Nyasi hai hujipoza zenyewe kwa kutoa mvuke wa maji kupitia majani yake. Plastiki haina maji ya kutoa. Hulipokea jua na kuzidi kupata moto. Mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, katika jimbo la Utah, Marekani, waliupima uwanja wao wa nyasi bandia wakati wa kiangazi. Joto la juu ya zulia lilifika sentigredi 93, hali nyasi halisi za karibu hazikufikia hata nusu ya kiasi hicho. Walipoumwagia maji, uwanja ulipoa. Lakini dakika 20 baadaye joto lilikuwa limekwisha panda tena kupita sentigredi 70.

Sasa na tumfikirie mbwa. Yeye hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema na ulimi nje, na tezi zake za jasho ziko katika nyayo. Nyayo hizo ndizo anazozikanyagia zulia. Ngozi yake, ijapokuwa ni ngumu, huungua na kutoka malengelenge, naye hana njia ya kumwarifu bwana wake ila kuchechemea na kujilamba. Wala tusidhani kwamba nchi za baridi zimesalimika: tarehe 19 Julai 2022 joto la hewa katika kijiji cha Coningsby, Uingereza, lilifika sentigredi 40.3.

Kwetu sisi tulio karibu na Ikweta, ambako jua husimama utosini katika miezi ya Machi na Septemba, jambo hili lataka kufikiriwa zaidi. Mbwa mlinzi afungiwaye mchana na kufunguliwa usiku hulikuta zulia limekwisha poa. Yule ashindaye uani mchana kutwa, pasipo mti wala kibaraza cha kumkinga, hana pa kukimbilia.

MKOJO NA UCHAFU

Mkojo ukimwagika juu ya udongo, ardhi huunywa, na vijidudu vilivyomo huugeuza kuwa chakula cha mimea. Juu ya plastiki hakuna mizizi ya kukipokea chakula hicho. Mkojo hubaki katika mchanga na kitambaa, bakteria huuvunja, ikatoka hewa ya amonia iumizayo pua. Mbwa, mwenye pua kali kuliko zetu, huifuata harufu ile ile na kurudi mahali pale pale. Hivyo mwenye nyumba aliyeikimbia kazi ya kumwagilia bustani hujikuta akiimwagilia plastiki kila siku! Wako wanaotandaza madini yaitwayo zeolaiti badala ya mchanga wa kawaida, nayo hupunguza harufu, lakini hayaondoi haja ya kuosha.

Kinyesi nacho ni lazima kizolewe, iwe nyasi ni hai au bandia, kwa maana mayai ya minyoo ya mbwa huweza kuwadhuru watoto wachezao hapo, hata macho yao. Tena mbwa mwenye tabia ya kutafuna aweza kung'oa nyuzi za plastiki na kuzimeza, zikamziba matumbo.

KILICHO CHINI YA ZULIA

Udongo uliofunikwa hukosa majani yaozayo, nao nyungunyungu na wadudu wengine hupungukiwa chakula. Kwa sababu kama hizo, mwaka 2022 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilipiga marufuku nyasi za plastiki katika maonyesho yake, yakiwemo yale mashuhuri ya Chelsea. Nao Umoja wa Ulaya mwaka 2023 uliamua kwamba uuzaji wa chembe za plastiki na mpira za kumwaga katika viwanja ukomeshwe baada ya muda wa miaka minane. Zulia lenyewe hudumu takriban miaka 10 hadi 20, kisha huwa taka isiyooza.

SHAURI LETU

Baada ya kuyapima yote haya, twaona kwamba nyasi bandia hazimfai mbwa ikiwa ndizo sakafu pekee ya bustani yake na jua lazipiga mchana kutwa. Zaweza kuvumilika katika kipande kidogo chenye kivuli, kilichowekwa juu ya kokoto na kuinamishwa kidogo maji yapate kutiririka, pasipo chembe za mpira, na karibu na bomba. Hata hapo mbwa aachiwe sehemu ya udongo apate kuchimba na kulala penye ubaridi.

Mwenye nafasi kubwa kidogo ana njia iliyo rahisi zaidi. Na apande nyasi ngumu zilizochanganywa na klova, ambayo hustahimili mkojo kuliko nyasi nyingi. Aweke njia ya kokoto laini kando ya ua, pale mbwa apendapo kupiga doria. Na kila amwonapo akikojoa, amimine maji mahali hapo mara moja, doa lisitokee.

Na yule ambaye bado moyo wake umelipenda zulia, twamwomba jambo moja kabla hajatoa fedha. Aombe kipande cha mfano dukani, akiweke uani penye jua, kisha saa nane mchana akiguse kwa mgongo wa kiganja na kuhesabu sekunde saba. Mkono ukishindwa kutulia hapo, basi mbwa wake amekwisha jibiwa.