Wamelipia watu wanne, wamefika kumi na mmoja

Desemba ikifika, nyumba za kukodisha kwa siku mbili tatu hapa Runyenjes hujaa. Watu wanatoka Nairobi kuja kwa ruracio, harusi, mazishi, ama kuona wazazi tu, na kwa wazazi vitanda havitoshi. Mgeni anapiga simu, anasema wako wanne, anatuma pesa. Jioni matatu inasimama kwa geti, wanashuka kumi na mmoja na spika.

Wenye nyumba wengi hunyamaza. Kumfukuza mgeni usiku ni aibu, na hawa pengine ni jamaa za jirani. Asubuhi ndiyo unahesabu: shuka imechomwa na sigara, godoro limelowa, na jirani hakulala.

Sisi tunaona hivi: sheria ya nyumba inawekwa kabla pesa haijaingia. Ikishaingia, unabaki kuomba tu. Kwa hivyo mgeni akiuliza bei, usimtumie namba ya till peke yake. Mtumie kila kitu kwa ujumbe mmoja. Kwa mfano (bei weka zako):

"Karibu sana. Nyumba ni 3,500 kwa usiku, watu 4. Kila anayezidi ni 500. Muziki mwisho saa nne usiku. Sigara na muguka ni nje. Dipoziti ni 2,000, inarudi siku ya kuondoka tukishakagua nyumba pamoja. Ukikubali jibu NDIYO, kisha utume."

Hiyo NDIYO usiifute. (Na kuhusu muguka, tunajua huku Embu ndio karo ya shule. Hakuna anayepigana na zao la mtu. Tatizo ni mate na majani kwa kapeti.)

Dipoziti itumwe peke yake, isichanganywe na kodi. Ukiwa na miamala miwili, kila mmoja na namba yake, hakuna kubishana pesa ipi ilikuwa ya nini. Angalia salio lako kabla ya kusema umepokea, maana SMS mtu anaweza kuitunga. Na mtumiaji wa M-Pesa anaweza kuomba pesa zirudishwe kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456. Mgeni akijaribu hivyo baada ya kulala, mazungumzo yenu na hiyo NDIYO ndiyo utetezi wako.

Sasa turudi kwa wale kumi na mmoja. Ufunguo bado uko mkononi mwako, na hapo ndipo nguvu yako iko. Sema kwa upole: "Karibuni. Tulikubaliana wanne. Saba wamezidi, ni 3,500. Mkituma nafungua, ama wanne waingie na wengine watafute kwingine." Usifungue kwa ahadi ya "tutatuma tukiingia". Wakileta fujo, usipigane nao. Piga 999 au 112.

Kuna wanaoshika kitambulisho cha mgeni kama dhamana. Tafadhali acha. Bila kitambulisho hata kutoa pesa kwa ajenti ni shida. Andika jina na namba yake, mweleze sababu, na uhifadhi vizuri, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata wewe wa nyumba moja. Kumbukumbu hizo si za shuka peke yake. Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za aina hii Nairobi, serikali iliwataka wenye nyumba wajisajili na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii.

Siku ya kuondoka, kagueni pamoja na urudishe dipoziti mgeni akiwa bado hapo, kwa namba ileile iliyolipa. Akisema "tuma kwa hii ya kaka yangu", kataa. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha muamala. Ukikata kitu, mwandikie: "Nimekata 800 ya shuka moja, nimerudisha 1,200." Ada ya kutuma ibebe wewe, ni kidogo, na huyo mgeni Krismasi ijayo atatafuta nyumba tena.