Ukoo wa Mashine ya Boti ya Kipungani

Boti inapoondoka Kipungani kuelekea Lamu mjini, mara nyingi huacha nyuma moshi wa kibuluu na harufu ya oili iliyoungua. Hiyo ni dalili ya injini ya mipigo miwili, na mmoja wa mababu zake wakubwa ni pikipiki ndogo ya Kijerumani: DKW RT 125, iliyotoka Zschopau mwaka 1939.

Aliyeibuni, Hermann Weber, aliipa silinda moja ya sentimita za ujazo 123, nguvu isiyofika farasi 5. Uzuri wake ni kwamba haina vali. Pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, huziba na kuzibua matundu ya ubavuni mwa silinda: moshi utoke, petroli na hewa viingie. Hivyo huwaka kila krenki inapozunguka mara moja, ilhali injini ya mipigo minne, kama ya bodaboda za leo, husubiri mizunguko miwili.

Ujerumani iliposhindwa vitani, muundo huo ukaigwa kila upande. Waingereza walitoa BSA Bantam, Wamarekani wakatoa Harley-Davidson ya 125, Wasovieti nao wakaunda yao. Mwaka 1955 Yamaha, jina lililojulikana kwa vinanda, iliingia barabarani na YA-1, nakala ya RT 125. Miaka mitano baadaye ikatoa mashine yake ya kwanza ya boti, P-7, nayo ya mipigo miwili.

Kwa nini tuchanganye oili na petroli? Kwa sababu petroli hupitia kwanza chumba cha krenki, chini ya pistoni, kabla ya kupanda kuungua. Oili haiwezi kutuama humo. Beringi na pistoni hulainishwa na ile tu iliyomo ndani ya petroli. Ikipungua, pistoni hukwama, pengine mbali na pwani. Ikizidi, plagi huchafuka na mashine hukataa kuwaka.

Wepesi wake naupenda: fundi huifungua ufuoni kwa spana chache. Lakini sehemu ya petroli hutoroka pamoja na moshi bila kuungua, ikaishia majini, kwenye mikoko wanamokulia kamba na kaa. Nahodha, pima oili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako, usikisie kwa jicho. Na siku ya kununua nyingine, uwezo ukiruhusu, chukua ya mipigo minne.