Kikohozi cha baridi au TB? Anayeishi na VVU asisubiri wiki mbili

Mwezi Juni na Julai, ukiwa Mafinga, Uyole au Tukuyu, kukohoa si habari. Baridi ni kali, madirisha yamefungwa, kila nyumba ina mgonjwa wa kifua. Hapo ndipo kifua kikuu, yaani TB, kinapopata pa kujificha.

Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU nchini, kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi, ni asilimia 4.4. Iringa ni 11.1, Mbeya 9.6. Na VVU huileta TB nyuma yake. Mtu anaweza kukaa na vijidudu vya TB miaka mingi bila kuugua kwa sababu kinga imevidhibiti. Kinga ikishuka, vinaamka. Duniani, TB ndiyo inayoongoza kuua wanaoishi na VVU.

Wengi tunajua kwamba ukikohoa wiki mbili unapaswa kupima. Kwa anayeishi na VVU, hata kikohozi cha siku mbili kinatosha kumpeleka kituoni. Vivyo hivyo homa, jasho la usiku au kupungua uzito, hata kama hakohoi kabisa. Kinga ikiwa chini sana, makohozi huwa na vijidudu vichache, na darubini inaweza isivione. Kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vinasaba vya kijidudu, hukamata wengi wanaopitwa na darubini. Watafiti wa hapa Mbeya walikuwa miongoni mwa waliokijaribu mapema.

Dawa za TB hutolewa bure, kwa kawaida miezi sita. Tatizo tunaloliona ni usiri. Mtu wa Mafinga anafuata ARV Makambako ili majirani wasimwone, kisha anaanza dawa za TB karibu na nyumbani bila kusema kitu. Rifampisini, dawa kuu ya TB, hupunguza nguvu ya dolutegravir iliyo kwenye ARV, hivyo mgonjwa huhitaji dozi ya ziada. Mhudumu asiyejua hawezi kumwongezea.

Wapo pia wanaozidiwa wiki chache baada ya kuanza ARV, kinga inapoamka na kupambana na TB. Jirani atasema dawa ndizo zinazomuua. Asiziache, arudi kliniki haraka.

Na kama unaishi na VVU na huna dalili yoyote, uliza CTC yako kuhusu dawa kinga ya TB.